Usiangalie Ndani ya Sampu

Alhamisi, 6 Februari

Baba mkwe, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu simu tumeshaijaribu, mimi na wewe. Mimi husema "ndiyo baba," wewe husema "haya, haya," kisha tunasikilizana tunavyopumua mpaka salio linaisha. Dereva wa lori la saruji anapita kwako kila Ijumaa na kurudi huku Jumatatu. Amekubali kubeba barua, na mzigo pia ukiwapo.

Sisi hatujambo. Binti yako hajambo, ila miguu imevimba na subira imekwisha. Mkunga wa zahanati amempima, anasema mtoto amekaa matako chini, kwa hiyo kujifungua ni hospitali kubwa tu, katikati ya Machi. Hospitali kubwa iko kilomita sabini kutoka hapa, na kati yetu na hiyo hospitali kuna mlima. Gari tunalolitegemea ni moja, lile ulilotupa siku ya harusi. Nalo limeanza mambo.

Kwenye tambarare halina neno. Nikianza kupanda mlima na kukanyaga mafuta, dakika ya nane au ya kumi ile taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili inawaka. Nikizima injini nikakaa kando dakika kumi, nikiwasha tena taa hakuna, kana kwamba niliiota. Nikipanda, inarudi. Nimechomoa kijiti cha kupimia, oili iko kwenye alama ya juu. Nimeinusa, haina harufu ya petroli. Nimeipaka kati ya vidole, si nyepesi. Injini haigongi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, Baba. Naweza kukuambia mlima ule una kimo gani na ulitokeaje. Kuupanda ndiko kunakonishinda.

Mke wangu yupo.

Mkweo,
Mwalimu


Jumapili, 9 Februari

Mkwe wangu Mwalimu, marahaba.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nikitembea. Mama mkwe wako ananiambia nikae, namchosha macho.

"Mke wangu yupo." Ahsante kwa taarifa. Mwaka mmoja na miezi minne hajaniandikia hata mstari, angalau sasa najua yupo. Kisa unakijua, maana uliposa katikati yake. Aliniomba jina lake liandikwe kwenye kibao cha gereji, chini ya langu, nami nikacheka. Sikukataa, nilicheka tu. Mama yake anasema bora ningekataa.

Sasa gari. Taa ile ikiwaka, zima hapo hapo, hata kama umembeba mkuu wako wa shule. Maana yake oili haifiki kwenye beringi, chuma kinasugua chuma kikavu, na injini inanoki, inakwama kabisa, ndani ya dakika chache. Ikinoki katikati ya mlima na binti yangu yumo ndani, na uchungu umeshika... nimeiacha sentensi hiyo nikaenda kunywa maji.

Lakini usiogope. Nadhani ni swichi ya presha, ile iliyofungwa ubavuni mwa injini. Hiyo ikizeeka hudanganya kuliko mimi nikisimulia ujana wangu. Nakutumia mpya, ni kazi ya spana moja. Usifungue kitu kingine, hasa chini. Injini hiyo ilifungwa vizuri kabla ya harusi yenu. Chini hakuna neno.

Baba mkwe wako,
Fundi


Alhamisi, 13 Februari

Baba mkwe, shikamoo.

Swichi nimebadilisha. Nimepanda mlima, na dakika ya tisa taa ikawaka. Nilizima hapo hapo kama ulivyoagiza, na kwa bahati mbaya nilikuwa nimembeba mkuu wa shule kweli. Alishuka akamaliza safari kwa miguu. Tangu jana ananisalimia kwa kichwa tu.

Kwa hiyo swichi haikudanganya. Presha inashuka kweli, na tunachotakiwa kujua ni inashuka lini na kwa kiasi gani. Naomba unitumie ile geji ya kupimia presha ya oili, yenye mpira mwekundu uliofungwa waya shingoni, iliyotundikwa nyuma ya mlango wa stoo, msumari wa pili.

Mke wangu hulala mchana, huamka, huzunguka gari, hulala tena. Namwambia apumzike. Ananiuliza kama namjua mtu aliyepumzika kwa kuambiwa.

Mkweo,
Mwalimu


Jumapili, 16 Februari

Mkwe wangu Mwalimu,

Wewe umeingia gereji yangu mara moja, siku ya posa. Ulikaa juu ya tairi na suruali yako nyeupe, ukaondoka na duara jeusi ambalo wazee wote waliliona na hakuna aliyekwambia. Mlango wa stoo hukuuvuka. Msumari wa pili umeuonea wapi?

Usinijibu. Kipaji ni kipaji. Namjua mtu mwingine mmoja tu anayenusa oili kabla ya kuisemea, na huyo alianza akiwa na miaka saba, akinishikia tochi chini ya magari ya watu, ndiyo maana sisi hapa tulimwita Tochi. Huyo sasa "yupo" tu, kama ulivyoniarifu.

Geji hiyo hapo, na waya wake shingoni. Fungua swichi, funga geji kwenye tundu lake. Pasha injini moto mpaka mshale wa joto utulie katikati. Pima ikinguruma taratibu, kisha ongeza mwendo kidogo kidogo, ushikilie, na usiuache mshale kwa macho. Andika kila namba. Usiandike "ilishuka," andika ilishuka mpaka ngapi.

Mimi huku sina raha. Jana nimefungua gari la mteja kutafuta mlio, na mlio ulikuwa funguo zangu mwenyewe mfukoni. Mteja alicheka, nami nikajifanya ulikuwa mzaha.

Mtoto bado amekaa matako chini?

Baba mkwe wako,
Fundi


Alhamisi, 20 Februari

Baba mkwe, shikamoo.

Bado. Na mkunga amebadilisha maneno, anasema huenda mtoto asingoje katikati ya Machi. Tumefunga begi, liko mlangoni, nalikwaa kila nikitoka.

Namba ni hizi. Injini moto, inanguruma taratibu: mbili. Mizunguko elfu mbili: tatu na nusu. Elfu tatu na nusu, nikashikilia: mshale ukafika nne, ukatetemeka kama mtu mwenye homa, ukaanza kushuka. Tatu. Mbili. Moja. Taa. Nikazima. Baada ya dakika kumi nikawasha: mbili tena, kama hakikutokea kitu.

Mimi mwenyewe, kwa akili yangu ya jiografia, naona hivi. Pampu iliyochakaa ingekuwa dhaifu oili ikiwa moto na injini ikienda taratibu, kisha ingepata nguvu mwendo ukiongezeka. Hii yetu ni kinyume. Taratibu ina nguvu, ikikimbia inakosa. Ni kama mtu anayevuta soda kwa mrija wenye kipande cha karatasi mdomoni. Akivuta polepole anapata, akivuta kwa pupa karatasi inaziba, akiacha kuvuta inadondoka. Kwa hiyo kuna kitu kwenye chujio la pampu, kule chini ndani ya sampu, lile bakuli la oili. Tunaomba ruhusa ya kushusha sampu, na gasketi mpya ya kuziba kingo zake tukiirudishia.

Nimeandika "tunaomba." Nilikusudia "naomba."

Mkweo,
Mwalimu


Jumapili, 23 Februari

Mkwe wangu,

Jiografia ya siku hizi imeendelea sana.

Nimefikiri kutwa nzima. Nimekaa, nimesimama, nimeinua boneti ya gari ambalo halina ubaya wowote nikalifunga tena. Nimeamua hivi: pampu imechoka, badilisha yote. Nakutumia pampu mpya nzima pamoja na chujio lake, na gasketi ya sampu. Ile ya zamani itupe. Tupa na chujio lake, usilihurumie.

Inua gari kwa jeki, kisha weka magogo manene pande zote mbili. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, mjukuu wangu anahitaji baba mwenye mbavu zote. Mwaga oili. Fungua bolti za sampu kwa zamu, kona kwa kona, uishushe polepole. Na ukishaishusha, usiangalie ndani. Ni uchafu tu, utakuchosha bure. Imwagie mafuta ya taa, isugue, ikauke, basi. Pampu mpya ijaze oili kabla ya kuifunga, uizungushe kwa mkono mpaka iteme, maana pampu kavu haivuti.

Na huyo mtu wa tochi asilale chini. Akae kwenye kigoda. Namaanisha mtu yeyote wa tochi ambaye pengine yupo hapo, na ambaye hali yake hairuhusu.

Baba mkwe wako,
Fundi


Alhamisi, 27 Februari

Baba mkwe, shikamoo, na samahani.

Nimeangalia ndani.

Sampu imeshuka jana mchana. Mke wangu alikuwa kwenye kigoda na tochi, na naona nikiri sasa, mimi si hodari wa uongo na wewe umeshajua. Kunusa alinusa yeye. Namba alisoma yeye. Mrija na soda ni maneno yake. Mimi nimekuwa mikono tu, na mikono yenyewe anasema ni ya kushikia chaki.

Tulichokuta ni gundi, Baba, ile gundi ya bluu ya kubandikia gasketi. Fundi aliyeifunga injini hii kabla hujainunua aliipaka nene kama mkate, ikafurika ndani, ikakauka, ikakatika vipande vipande kama minyoo, vyote vikaenda kukaa kwenye wavu wa chujio. Robo tatu ya wavu imezibwa. Nikasema, "Ni fundi gani mjinga namna hii?" Mke wangu akaokota kipande kimoja, akakisogeza kwenye tochi. Kisha akacheka mpaka nikaogopa mtoto atatokea pale pale. Kisha akalia. Sijui nilikosea wapi.

Baadaye akaniambia nikuandikie kwamba tumekuta uchafu wa kawaida. Lakini nilikuwa nimeshaandika haya ya juu kwa wino, na karatasi ndiyo ya mwisho.

Pampu ya zamani ameipima, meno yake ni mazima. Ameosha chujio, ameijaza oili, nimeirudishia mahali pake. Mpya yako inarudi na lori hili kwenye boksi lake.

Tatizo sasa ni gasketi uliyotuma. Ina matundu kumi na sita na sampu ina kumi na manane. Ni ya injini nyingine. Gari liko juu ya magogo, tumbo wazi, na leo mke wangu ameshika kiuno mara mbili akasema si kitu.

Mkweo,
Mwalimu


Jumapili, 2 Machi

Mwanangu Tochi,

Mwambie mumeo asiwe na wasiwasi, hajakosea popote. Fundi mjinga ni mimi.

Wewe uliijua gundi hiyo ulipoiona. Nani mwingine hununua ya bluu? Nami nilijua tangu barua ya kwanza, aliposema taa inawaka akikimbia na inazimika akipumzika. Hata hivyo nikaandika "swichi." Nilijua tena mlipoleta namba, nikatuma pampu nzima nikidhani itazika chujio na aibu pamoja. Nilikuwa tayari nyinyi wawili mhangaike majuma matatu, na wewe katika hali hiyo, ili binti yangu asiangalie ndani ya sampu. Nimelisema kwa mama yako jana. Amekunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

Miaka minane gasketi za sampu zilikuwa kazi yako. Ulizifunga kavu, na tone la gundi kwenye kona tu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwatangazia wateja kwamba gundi nyingi ni ya mafundi wavivu. Ulipoondoka, gari la harusi yako lilikuwa limebaki sampu tu. Nikasema nitaifunga mwenyewe. Macho yangu, mwanangu, yameisha. Hakuna anayejua ila mama yako, na yeye amejua kwa sababu nilitia chumvi kwenye chai. Kingo za sampu sikuziona, na ile gundi sikuiona. Nilipaka mpaka nikaiona.

Na gasketi ya matundu kumi na sita ni macho hayo hayo. Namba ya boksi nilisoma kwa kubahatisha. Hii ya leo ameisoma mama yako, mara mbili, kwa sauti. Ina matundu kumi na manane, tumeyahesabu kwa vidole.

Kama uchungu utaanza kabla haijafika, msingoje gasketi yangu wala heshima yangu. Ombeni gari lolote, hata lori la saruji.

Kibao cha gereji nimekishusha. Kimelala mezani, kimefutwa, kiko tupu. Fundi rangi anauliza aandike nini, nami nimemwambia angoje. Sikutakiwa kucheka siku ile. Sikucheka kwa kuwa ulichoomba ni cha kuchekesha. Nilicheka kwa kuwa niliogopa watu wataona nani kati yetu ni fundi.

Baba yako


Alhamisi, 13 Machi

Baba, shikamoo.

Anayeandika ni mimi. Mwalimu amelala na mdomo wazi, na mjukuu wako amelala juu yake vile vile. Ni wa kike. Daktari alinipasua, na nyuzi zake nimezikagua: chache, safi, zimenyooka, hakuna kilichofurika pembeni. Ungempenda.

Gasketi yako hatukuingoja. Jumamosi ile niliona gari halitapata tumbo lake kwa maombi, nikamwomba Mwalimu karatasi ngumu. Akatoa daftari, nikakataa. Akatoa jalada la kitabu, nikakataa. Mwishowe nikaiona ramani ya dunia ya darasani, ile ya karatasi nene, imeegemea ukutani. Alishika kichwa. Nikaitandaza juu ya sampu kwenye meza ya kulia chakula, nikagonga kingo polepole kwa kichwa cha nyundo, pande zote, mpaka karatasi ikakatika yenyewe kwa ukali wa chuma, na matundu vile vile, kumi na manane. Ulinifundisha hivyo nikiwa na miaka kumi na mbili, kwa boksi la viatu vya mama. Nikailoweka kwenye oili. Gundi, matone manne, kwenye kona. Mwalimu alifunga bolti mimi nikiwa kwenye kigoda nikimtaja kona, naye kila bolti ananiuliza bahari gani imekatwa.

Tulichomoa waya ili injini izunguke bila kuwaka, mpaka mshale wa geji ukainuka. Ndipo tukawasha. Jumapili alipanda mlima peke yake mara tatu kwa mwendo wa kukimbia. Nne, na mshale haukutetemeka.

Uchungu ulinishika Jumatatu saa nane mchana. Katikati ya mlima lori la saruji likatupita likishuka, dereva akatupungia mkono na boksi kwenye dirisha. Gasketi yako ilikuwa inateremka na sisi tunapanda. Sikumruhusu Mwalimu asimame. Njia nzima sikuangalia nje, niliangalia ile taa. Haikuwaka.

Kwa hiyo barua yako nimeisoma siku tisa baadaye, nikiwa nimekaa upande mmoja. Nimeisoma nikakasirika. Nimekasirika kwa ajili ya majuma matatu, Baba, na hasira hiyo haijaisha, usidhani mtoto ameimaliza. Ungeandika "chujio" siku ya kwanza ningecheka siku moja, tukamaliza. Nilijua ni wewe tangu kipande cha kwanza cha bluu. Nilicholilia ni ule ukingo wa sampu. Ulikuwa umepakwa gundi kwa uangalifu sana, pole pole, na mtu asiyeona.

Kwenye mzigo huu kuna kiberiti. Usikiwashe. Ndani yake ni gundi yako yote, nimeiokota kwenye wavu kwa kibano. Kiweke kwenye msumari wa pili, geji ikiwa bado iko huku.

Miwani kwanza, kabla sijaja. Mama akupeleke akushike mkono, na usimdanganye daktari wa macho kwa kukariri herufi. Mwezi wa sita shule zikifungwa tutakuja wote watatu, kwa gari hilo hilo, na gasketi yako nitaifunga hapo hapo gereji, wewe ukishika tochi.

Kuhusu kibao, mwambie fundi rangi aandike jina lako juu, kama lilivyokuwa. Langu nitaliandika mwenyewe. Wewe niachie nafasi tu, na usipake kitu.

Tochi